Afya kwa Kipimo cha Mgonjwa Mwenyewe: Miaka Mingi Baada ya Kiharusi

Kiharusi hutokea pale damu inaposhindwa kufika katika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu umepasuka na damu ikavujia ndani ya fuvu, na kwa kuwa seli za ubongo hazistahimili kukosa oksijeni kwa muda mrefu, sehemu iliyonyimwa damu huanza kufa baada ya dakika chache. Dalili zinazoonekana kwa nje hutegemea mahali palipoumia: mkono na mguu wa upande mmoja hupooza, mdomo hupinda, maneno hugoma au hutoka yakiwa yamevurugika, na wengine hupoteza nusu ya upeo wa kuona. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba watu wapatao milioni 12.2 walipatwa na kiharusi kipya katika mwaka huo, na kwamba vifo vilivyotokana na maradhi hayo vilizidi milioni 6.5. Takwimu ya tatu katika makadirio hayo hayo husomwa kwa nadra, ingawa ndiyo kubwa kuliko zote: watu wapatao milioni 101 walikuwa hai duniani wakiwa wamekwisha kupitia kiharusi wakati fulani wa maisha yao.

Wingi huo wa walio hai ndio unaolipa uzito swali la namna manusura wa kiharusi wanavyoiona na kuikadiria afya yao wenyewe baada ya miaka kadhaa, wakati heka heka za wodini zimekwisha, wageni wa kuja kutoa pole wamepungua, na mgonjwa amebaki na mwili wake nyumbani kwake. Kwa muda mrefu tiba haikuliuliza swali hilo kwa dhati, na sababu yake si ngumu kuielewa, kwani kazi ya kwanza ya tabibu ni kuokoa uhai na ya pili ni kurudisha nguvu za viungo, na zote mbili zinaweza kupimwa na mtu mwingine asiye mgonjwa. Hata hivyo, tafiti za miongo ya karibuni zinaonyesha kwamba neno la mgonjwa kuhusu afya yake ni kipimo kinachojitegemea, chenye taarifa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine, na kwamba mara nyingi neno hilo halilingani na kile ambacho jamaa, jirani au daktari angekitarajia kwa kuutazama tu mkono uliopooza.

Vipimo vilivyozoeleka hospitalini vinasaidia kuonyesha tofauti hiyo inatoka wapi. Mwaka 1957 tabibu John Rankin wa Glasgow alibuni njia ya kuwapanga wagonjwa wa kiharusi kwa kadiri ya ulemavu waliobaki nao, na kipimo chake, baada ya kurekebishwa na waliomfuata, leo kina alama kuanzia 0, yaani mtu asiye na dalili yoyote, hadi 6, yaani aliyefariki. Mwaka 1965 Florence Mahoney na Dorothea Barthel walichapisha nchini Marekani kipimo kingine kinachochunguza shughuli kumi za kila siku, zikiwemo kula, kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kutembea na kupanda ngazi, na kumpa mgonjwa jumla ya alama kati ya 0 na 100. Manufaa ya vipimo hivi hayana ubishi, kwa kuwa bila ya namna fulani ya kuhesabu ulemavu isingewezekana kujua kama dawa au mazoezi fulani yanafaa, lakini vyote viwili humtazama mgonjwa kutoka nje. Mtu aliyepata alama 100 huandikwa kuwa anajitosheleza, ingawa huenda hajarudi kazini, hawezi kufuata mazungumzo ya watu watatu wanaosema kwa pamoja, na hushindwa kuumaliza mchana bila ya kulala kwa uchovu. Naye aliyepata 60 huandikwa kuwa anahitaji msaada, ingawa huenda anaendesha duka lake akiwa ameketi, anasikilizwa na wanawe, na akiulizwa hujibu kwa ukweli kabisa kwamba afya yake ni njema.

Njia ya kulipata jibu hilo la mgonjwa inaweza kuwa fupi mno. Watafiti humuuliza mtu swali moja tu, kwamba kwa ujumla anaionaje afya yake, naye huchagua kati ya majibu manne au matano yanayoanzia nzuri sana na kuishia mbaya. Wengi walidhani zamani kwamba swali la namna hiyo ni la juujuu, lakini mwaka 1982 Jana Mossey na Evelyn Shapiro walichapisha matokeo ya kufuatilia wazee zaidi ya 3,000 wa jimbo la Manitoba, Kanada, na kubainisha kwamba wale walioiita afya yao mbaya walikuwa na hatari ya kufa mapema karibu mara tatu ya walioiita nzuri sana, hata baada ya kuzingatia maradhi yaliyoandikwa katika kumbukumbu zao za matibabu. Miaka 15 baadaye, mwaka 1997, Ellen Idler na Yael Benyamini walipitia tafiti 27 za aina hiyo kutoka nchi mbalimbali na kukuta kwamba nyingi mno kati yake zilikubaliana na jambo hilo. Maelezo yake yanapatikana katika ukweli kwamba mtu hukaa na mwili wake usiku na mchana, hutambua mabadiliko madogo kabla ya maabara kuyatambua, hujua historia ya ukoo wake, tena huishi kwa kufuata namna anavyojiona, akijitunza anapoamini kwamba yapo ya kutunza na kujiachia anapoona kwamba yote yamekwisha.

Swali hilo linapoulizwa kwa manusura wa kiharusi na wa maradhi mengine yanayoacha ulemavu, majibu huwashangaza wenye afya. Mwaka 1999 Gary Albrecht na Patrick Devlieger walichapisha utafiti uliofanywa kwa mazungumzo marefu na watu 153 wenye ulemavu, na zaidi ya nusu ya wale waliokuwa na ulemavu wa kati hadi mkubwa walisema kwamba maisha yao ni mazuri au mazuri sana, jambo ambalo watafiti hao waliliita kitendawili cha ulemavu. Haifai kuwadhania watu hao kuwa walijidanganya au walitaka kumfurahisha mwulizaji. Walieleza kwa ufasaha kwamba uzuri wa maisha waliutafuta katika uwiano kati ya mwili, akili na roho, na katika mahusiano yao na watu wanaowazunguka, na wale waliosema kwamba maisha yao ni mabaya walikuwa mara nyingi ni wale ambao uwiano huo ulikuwa umevunjika kwa maumivu, kwa uchovu, au kwa kupoteza mamlaka juu ya miili yao.

Katika mwaka huo huo wa 1999, Mirjam Sprangers wa Uholanzi na Carolyn Schwartz wa Marekani walitoa nadharia inayoeleza namna mabadiliko ya ndani yanavyotokea, nayo yafaa kuelezwa kwa utulivu kwa sababu inagusa kila familia yenye mgonjwa wa muda mrefu. Wanasema kwamba mtu anayeishi na maradhi hubadilisha mambo matatu. Kwanza hubadilisha vipimo vyake vya ndani, hata siku aliyotembea peke yake kutoka chumbani hadi barazani ikaitwa siku njema, ilhali kabla ya kiharusi asingeihesabu kuwa na lolote. Pili hubadilisha mpangilio wa yale anayoyathamini, hivyo kwamba nguvu za kulima au cheo cha kazini hushuka, na kukaa na wajukuu au kuhudhuria ibada hupanda. Tatu, na hili ndilo la ndani zaidi, hubadilisha maana yenyewe ya afya, ikaacha kuwa ni kutokuwa na ugonjwa na ikawa ni uwezo wa kuishi maisha yake pamoja na ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliieleza afya mwaka 1948 kuwa ni hali ya ustawi kamili wa mwili, akili na jamii, na kwa kigezo hicho cha ukamilifu hakuna manusura wa kiharusi ambaye angeweza kamwe kujiita mzima. Wao wenyewe, kwa kuishi tu, walikwisha kulikataa sharti la ukamilifu kabla ya wataalamu kulijadili.

Mfano ulio wazi wa mabadiliko hayo ulitoka Lund, kusini mwa Sweden, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005 na Ann-Cathrin Jönsson na wenzake, ambao waliwafuatilia manusura 304 katika mwezi wa 4 na tena katika mwezi wa 16 baada ya kiharusi kwa kutumia dodoso lenye maswali 36 kuhusu afya. Kati ya vipindi hivyo viwili, alama za uwezo wa mwili zilishuka, lakini alama za hisia, za akili na za maisha ya kijamii zilipanda. Yaani wagonjwa wale wale walikuwa wamezidi kudhoofika kidogo kwa miguu na mikono, na wakati huo huo walijiona kuwa na hali bora zaidi. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba jambo lililokadiria kwa nguvu zaidi jinsi mtu alivyoyaona maisha yake lilikuwa dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, inayomnyima mtu usingizi, hamu ya chakula na ladha ya mambo aliyoyapenda.

Sonona inastahili kuzungumziwa kwa kirefu kuliko mkono uliopooza, kwa kuwa mkono huonekana na watu wote na sonona haionwi. Tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zinaonyesha kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu walionusurika kiharusi hupatwa nayo wakati fulani katika miaka mitano ya kwanza. Kwa sehemu husababishwa na jeraha lenyewe la ubongo, na kwa sehemu na hasara zinazofuata, zikiwemo kupoteza kazi, kipato, heshima ya kuwa mtoaji badala ya mpokeaji, na mara nyingi ukaribu wa ndoa. Katika familia nyingi za Afrika Mashariki dalili zake hufasiriwa vibaya: mzee asiyetaka kutoka nje husemwa kuwa mkaidi, anayelia bila ya sababu husemwa kuwa amerudi utotoni, na anayekataa mazoezi husemwa kuwa mvivu, ilhali yote matatu huenda yakawa ni sura za maradhi moja yenye tiba inayojulikana. Hiyo ni dhuluma isiyokusudiwa, lakini mgonjwa huihisi ni dhuluma vile vile.

Pamoja na sonona kuna uchovu wa baada ya kiharusi, unaowapata takriban nusu ya manusura, usiolingana na kazi iliyofanywa wala kuisha kwa usingizi. Kuna pia maumivu, hasa ya bega la upande uliopooza, ambalo huteguka kidogo kidogo kwa kuvutwa vibaya wakati mgonjwa anapoinuliwa. Na juu ya hayo yote kuna hofu ya kiharusi cha pili, hofu ambayo haina kosa ndani yake, kwani takriban mtu mmoja kati ya wanne hupatwa na kiharusi kingine katika miaka mitano. Kila ganzi ya mkono na kila kizunguzungu cha asubuhi huulizwa kama ndicho chenyewe kinarudi, na mtu anayeishi kwa kuusikiliza mwili wake namna hiyo hawezi kusema kwa wepesi kwamba yu mzima, hata kama daktari haoni dosari yoyote katika matembezi yake. Daftari la kiharusi la London Kusini, lililoanza mwaka 1995 na kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka mingi, lilionyesha kwamba kati ya asilimia 20 na 30 ya walio hai hubaki na hali mbaya katika nyanja kadhaa, za mwili na za nafsi, hadi kufikia mwaka wa kumi.

Nchini Tanzania swali hili limechunguzwa kwa makini wilayani Hai, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Mradi mkubwa wa kuhesabu visa vya kiharusi, ulioongozwa na tabibu Richard Walker pamoja na wataalamu wa Kitanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, ulikuta kwamba kwa kila watu 100,000 palitokea visa vipya vipatavyo 109 kwa mwaka wilayani Hai na 316 katika maeneo yaliyochunguzwa jijini Dar es Salaam, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Na kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa vilivyowahi kuandikwa duniani. Kati ya wagonjwa 130 waliofuatiliwa Hai, karibu robo walifariki katika siku 28 za kwanza, na asilimia 60 walikuwa wamefariki ilipotimia miaka mitatu. Waliobaki ndio waliokuja kuulizwa kuhusu maisha yao, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 kwa manusura 58, wakilinganishwa na wenzao wa umri na jinsia moja wasiopatwa na kiharusi, yalikuwa ya kwanza ya aina yake kusini mwa Sahara kwa kuwahusisha watu waliotambuliwa kutoka katika jamii nzima badala ya wale tu waliofika hospitalini.

Manusura wa Hai walijipa alama za chini kuliko wenzao katika nyanja zote zilizoulizwa. Jambo linalotikisa zaidi ni kwamba muda uliopita tangu kiharusi haukuwa na uhusiano na alama hizo, wala hali ya uchumi na jinsia havikuwa nao, bali alama zilikwenda pamoja na wasiwasi, sonona, udhaifu wa misuli, na kadiri mtu alivyoshiriki katika shughuli za watu. Huko Lund muda ulionekana kufanya kazi ya uponyaji wa nafsi, na huko Hai haukuonekana kuifanya. Tafiti hizo mbili hazikutumia dodoso moja wala hazikuwafuata wagonjwa kwa njia moja, hivyo hazilinganishwi moja kwa moja, lakini zinaruhusu fikra kwamba kile kinachoitwa kazi ya muda ni kazi ya yale yanayofanyika ndani ya muda: mazoezi yanayoendelea, mtaalamu anayekuja nyumbani, njia inayopitika, na watu wanaomwita mgonjwa katika shughuli zao. Mtu aliyekaa miaka minne ndani ya nyumba moja bila ya mojawapo ya hayo amepitisha muda tu. Watafiti waliozungumza na manusura wa wilaya ya Musanze, kaskazini mwa Rwanda, walisikia vikwazo vinavyofanana na hivyo, kuanzia vijia visivyopitika na vyoo visivyofikika hadi mitazamo ya watu.

Ushiriki katika shughuli za watu, uliojitokeza Hai kuwa na uzito, una sura yake mahususi katika jamii za Waswahili na za bara, na sura hiyo haimo katika madodoso yaliyotungwa Ulaya. Kiharusi kinachopooza upande wa kulia hakimnyimi mtu kalamu na kijiko pekee, bali humnyima mkono wa kula sinia moja na wenzake, mkono wa kutoa salamu na wa kupokea kitu kutoka kwa mkubwa wake, na kumwachia mkono wa kushoto ambao adabu imeutengea kazi za msalani. Kwa hiyo wako wanaoacha kula na watu, na pale wanapoacha kula na watu, harusi na matanga huwapita. Choo cha kuchuchumaa, kilicho katika nyumba nyingi, huweza kumfanya mtu mwenye goti lisilokunjika ategemee mwanawe katika jambo ambalo angependa kuliko yote kulifanya peke yake. Vivyo hivyo kwa ibada: sheria ya Kiislamu inamruhusu mgonjwa kusali akiwa ameketi au amelala, na mafakihi hawana shaka juu ya jambo hilo, lakini kwa aliyezoea safu msikitini kuruhusiwa hakuondoi hisia ya kupungukiwa. Dodoso linalouliza kuhusu kupanda ngazi na kuingia katika bafu la kuoga humpa mtu wa namna hiyo alama, lakini halijamwuliza habari zake.

Kuna ugumu mwingine katika kuuliza. Swali la namna mtu anavyoiona afya yake linafanana mno na salamu, na salamu ina jibu lake la heshima, la kumshukuru Mungu, ambalo hutolewa hata na mtu aliyelala kitandani. Mwulizaji asiyeketi, asiyesubiri na asiyeuliza mara ya pili kwa namna nyingine huandika shukrani hiyo kuwa ni hali ya afya, na hatimaye takwimu zikasema kwamba watu wameridhika.

Maana ambayo mtu anaipa asili ya maradhi yake nayo hubadilisha namna anavyojiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 na Gerry Mshana na wenzake ulikuta jambo ambalo wengi wasingelibashiri, kwamba jijini Dar es Salaam kiharusi kilihusishwa sana na majini na uchawi, ilhali katika vijiji vya Hai watu walikihusisha zaidi na shinikizo la damu, vyakula vya mafuta na msongo wa mawazo. Anayeamini kwamba amerogwa huishi na swali la nani na kwa nini, na afya yake hugeuka kuwa kesi kati yake na jirani au jamaa. Umri nao una nafasi yake. Katika London Mashariki, Pandora Pound na wenzake walizungumza na wazee wa tabaka la wafanyakazi na kueleza mwaka 1998 kwamba wengi wao walikichukulia kiharusi kuwa sehemu ya uzee na ya maisha ambayo hayajawahi kuwa mepesi. Mtu wa miaka 45 mwenye watoto shuleni hawezi kukichukulia hivyo, na katika Afrika Mashariki kiharusi huwapata wengi wakiwa bado katika umri wa kufanya kazi.

Takwimu zote hizi zinahitaji kusomwa kwa hadhari moja kubwa, nayo ni kuhusu wasiohesabiwa. Wastani wa manusura wa mwaka wa kumi unaweza kuonekana bora kuliko wa mwaka wa kwanza kwa sababu tu waliokuwa na hali mbaya zaidi wamefariki, ndiyo maana tafiti zinazomfuata mtu yule yule zina thamani kuliko zile zinazolinganisha makundi. Wenye afasia, yaani waliopoteza uwezo wa kusema au kuelewa maneno kwa sababu ya jeraha la ubongo, ambao ni karibu theluthi ya wagonjwa mwanzoni, mara nyingi huachwa nje kwa kuwa hawawezi kujaza dodoso, na hivyo wale wenye mengi zaidi ya kusema juu ya upweke hawamo katika hesabu ya upweke. Badala yao huulizwa jamaa, lakini imethibitika mara kwa mara kwamba jamaa hukadiria hali ya mgonjwa kuwa mbaya kuliko anavyoikadiria mwenyewe, na kwamba hukaribiana naye katika mambo yanayoonekana, kama kutembea, na kutofautiana naye katika hisia. Jamaa huona kwa macho ya aliyechoka kuuguza, na uchovu wake nao ni ukweli, ila ni ukweli wake yeye. Kuna pia wagonjwa, hasa walioumia upande wa kulia wa ubongo, wasiotambua kwamba wamepooza, hali ambayo Joseph Babinski wa Paris aliipa jina la anosognosia mwaka 1914. Kwa kawaida hupungua kadiri majuma yanavyopita, lakini inatosha kuonyesha kwamba jibu la mgonjwa linahitaji kusikilizwa pamoja na kuchunguzwa.

Namna mtu anavyojiona ina matokeo yanayoweza kupimwa kwa milimita za zebaki. Shinikizo la juu la damu, ambalo ndilo kisababishi kikuu cha kiharusi, halina dalili kwa watu wengi, na kwa hiyo manusura aliyepona vizuri na kujiona mzima huona vidonge vya kila siku kuwa ni vya mgonjwa, naye si mgonjwa tena, akaviacha, hasa pale vinapomgharimu fedha. Manusura aliyekata tamaa huviacha kwa sababu iliyo kinyume, kwamba havikumponya mkono. Wote wawili wanaelekea kwenye hatari moja, na hakuna anayeweza kuwasaidia bila ya kujua kwanza kila mmoja anaionaje afya yake. Muuguzi wa kliniki ya presha anayepima shinikizo na kuandika dawa bila ya kuuliza swali hilo amefanya nusu ya kazi, na kosa si lake peke yake, bali ni la mfumo unaompa dakika chache kwa kila mgonjwa na kadi isiyo na nafasi ya kuandika jibu.

Upande mwingine wa jambo hili unahitaji kusemwa kwa ukali kidogo. Kwa kuwa binadamu huzoea, na kwa kuwa wengi hushusha matarajio yao hadi yakalingana na walichonacho, ni rahisi kwa mwenye bajeti kuyatumia majibu mema ya manusura kuwa ni kisingizio cha kutowapa huduma za utengamao, yaani mazoezi ya viungo, mafunzo ya kusema, na mafunzo ya kufanya kazi za nyumbani kwa mwili uliobadilika. Mama anayesema kwamba hajambo kwa sababu hajawahi kuambiwa kwamba mkono wake ungeweza kufunguka zaidi hajaridhika; hajapewa cha kulinganisha. Nchini Uingereza, ambako huduma ni nyingi, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2011 kwa manusura zaidi ya 1,200 waliokaa na kiharusi kati ya mwaka mmoja na mitano ulikuta kwamba karibu nusu yao walikuwa na mahitaji ambayo hayajatimizwa, nayo yalijitokeza walipoulizwa kwa kuyataja moja moja.

Kumwuliza mgonjwa mwenyewe kwa namna hiyo kumejaribiwa pia Afrika Mashariki. Nchini Uganda, mtaalamu wa tiba kwa kazi za kila siku Julius Kamwesiga na wenzake walianza kwa kukirekebisha kwa mazingira ya huko na kwa lugha ya Kiganda kipimo cha athari za kiharusi kilichobuniwa Marekani, ambacho humtaka mgonjwa mwenyewe aseme ni kwa kadiri gani amepona, kuanzia 0 hadi 100. Kisha walijaribu mpango uliotumia simu za mkononi za kawaida, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2018. Mgonjwa na mtu wa familia yake walichagua shughuli tatu ambazo wao wenyewe waliziona kuwa muhimu, asubuhi wakapokea ujumbe wa kuwakumbusha shughuli hizo, na jioni mgonjwa akaulizwa kwa ujumbe amezifanyaje, naye akajibu kwa kutoa alama. Alama ikiwa ya chini, au jibu lisipokuja, mtaalamu alipata taarifa na kupiga simu kuuliza kuna nini.